Asidi Haba Tumboni: Glasi ya Magadi Haitoshi Kuthibitisha

Kuna dai linaloenea kwamba watu wengi wanaosumbuliwa na kiungulia hawana asidi nyingi tumboni, bali wana asidi haba, na kwamba dawa wanazoandikiwa za kuipunguza zinawazidishia maradhi. Wanaolishikilia hupendekeza siki au vidonge vya betaini haidrokloraidi ili kuirudisha asidi hiyo. Madaktari wengi hulikataa dai hili papo hapo. Kwa maoni yangu kila upande umeshika kipande cha ukweli, ingawa vipande hivyo havilingani uzito, na anayeumia ni mgonjwa aliye katikati.

Upungufu wa asidi wenyewe haubishaniwi. Tumbo la mtu mwenye afya, likiwa tupu, huwa na pH (kipimo cha ukali wa asidi, ambapo namba ndogo ndiyo yenye ukali zaidi) ya kati ya 1 na 3, ukali unaotosha kuua sehemu kubwa ya vijidudu vinavyomezwa pamoja na chakula. Asidi hiyo huamsha pepsini, kimeng'enya cha tumboni, ianze kuvunja protini, huyeyusha madini ya chuma yaliyomo katika mimea ili yaweze kufyonzwa, na huiachanisha vitamini B12 na protini ya nyama, samaki na mayai. Inapokosekana, mtu anaweza kumeza vidonge vya chuma kwa miezi bila damu yake kuongezeka. Upungufu wa B12 hujificha zaidi, kwa sababu akiba iliyomo katika ini hudumu kwa miaka kadhaa. Mgonjwa anapoanza kuhisi ganzi nyayoni, au kuyumba anapotembea gizani, chanzo chake huwa kilianza zamani. Ubaya ni kwamba dalili hizo za neva zinaweza kutangulia upungufu wa damu, na kipimo cha wingi wa damu kikatoka safi huku neva zikiharibika.

Visababishi vya upungufu wa asidi pia vinajulikana. Kinga ya mwili inaweza kuzishambulia seli zinazotoa asidi, ambazo ndizo pia zinazotoa protini ya kuibeba B12. Bakteria wa Helicobacter pylori, ambao madaktari wa Australia Barry Marshall na Robin Warren waliwaotesha maabara mwaka 1982, wanaweza kuudhoofisha ukuta wa tumbo kwa miaka mingi. Hali zote mbili huongeza hatari ya saratani ya tumbo. Kuna pia upasuaji wa tumbo, na kuna dawa za jamii ya omeprazoli, zinazolizuia tumbo kutoa asidi.

Hapa wakosoaji wana hoja ya haki. Dawa hizo huandikwa kwa wiki chache, kisha zikaendelea kwa miaka bila mtu kuuliza kama bado zinahitajika. Anayeziacha ghafla hupata kiungulia kikali kwa muda, kwa sababu tumbo lililozuiwa hurudi likimwaga asidi kupita kiasi, naye huamini kwamba ugonjwa wake haujapona. Hata hivyo, hofu juu ya madhara yake imevuka ushahidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliowafuatilia watu 17,598 kwa takriban miaka mitatu, nusu wakipewa pantoprazoli, dawa ya jamii hiyo hiyo, na nusu dawa bandia, ulionyesha ongezeko dhahiri la jambo moja tu: maambukizi ya utumbo, asilimia 1.4 dhidi ya 1.0. Mifupa, figo na kumbukumbu havikuonyesha tofauti ya maana. Nakiri kwamba miaka mitatu ni michache kwa anayezimeza kwa miaka kumi na tano.

Dai linaposema kwamba kiungulia chenyewe hutokana na asidi haba, linaanguka. Kiungulia hutokea pale mlango ulio kati ya umio na tumbo unapolegea na yaliyomo yakapanda juu. Hata asidi ya kiwango cha kawaida huunguza ikifika mahali pasipo pake. Laiti upungufu ungekuwa ndio chanzo, dawa za kupunguza asidi zisingeponya vidonda vya umio, na kamera inayoingizwa kupitia kooni huonyesha wazi kwamba zinaviponya.

Kipimo cha nyumbani kinachosifiwa nacho hakisaidii. Mtu hukoroga robo kijiko cha chai cha magadi ya kuokea (baking soda) katika glasi ya maji, hunywa kabla ya kula, kisha hutazama saa akisubiri kubeua. Asipobeua ndani ya dakika tano, huambiwa asidi yake ni haba. Ni kweli magadi yakikutana na asidi hutoa gesi, lakini gesi hiyo inaweza kuteremkia utumboni, na hewa aliyoimeza wakati wa kunywa inaweza kumbeusha bila asidi kuhusika. Betaini nayo ilijaribiwa mwaka 2013 kwa watu sita waliopunguziwa asidi kwa dawa: ukali wa tumbo ulirudi ndani ya dakika chache, ukadumu zaidi kidogo ya saa moja. Jaribio hilo halikuonyesha kwamba inaponya kiungulia, na kwa mwenye kidonda cha tumbo kuongeza asidi ni hatari.

Mwenye ganzi miguuni, au upungufu wa damu usiosikia vidonge, anastahili kupimwa B12, gastrini (homoni inayolichochea tumbo kutoa asidi) na kingamwili zinazoshambulia tumbo, na ikibidi akaguliwe kwa kamera na kuchukuliwa vinyama vya kuchunguzwa. Anayetumia omeprazoli kwa muda mrefu ana haki ya kumuuliza daktari wake sababu ya kuendelea nayo na namna ya kupunguza dozi polepole, isipokuwa awe amewahi kutokwa na damu tumboni huku akitumia aspirini, au seli za umio wake zimeshaanza kubadilika, kwa kuwa huyo dawa inamkinga na hatari iliyo kubwa zaidi.