Ngazi ya Kwenda Hewani

Kibali cha kuongeza chumba kilipotoka nilikibusu. Ukipaka rangi au kubadili vitasa, kwa kawaida hakuna atakayekuuliza. Lakini gusa ukuta unaobeba paa, au sogea kidogo kuelekea mpakani, uone karatasi zinavyozaana! Zangu zilikuwa zimekamilika: mchoraji amesaini, ofisi imegonga mihuri, na fundi amesema ramani inapendeza.

Mkaguzi akaja kuona msingi. Ni lazima aje kabla zege halijamwagwa, maana likishamwagwa, kina cha mtaro na unene wa nondo vinabaki siri ya fundi na Mungu wake. Alikuwa mzee mpole, futi kamba mkononi. Akapima umbali kutoka mpakani, akaridhika. Akapima mtaro, akaridhika. Kisha akatandaza ramani juu ya rundo la matofali, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Ngazi itakaa wapi?"

"Ipi mzee, hii yetu ya kupandia kazini?" fundi akauliza.

"Ya kwenda ghorofani."

Tukainua macho wote watatu. Juu palikuwa na mawingu tu.

Kweli, kwenye ramani ngazi ilikuwepo. Kwa kipimo cha 1:100, ngazi ya mita 3 ni sentimita 3 za karatasi, na hiyo yangu ilikuwa imejibanza pembeni mwa korido kama kitana kilichosahauliwa. Ilikuwa na mshale kabisa, umeandikwa JUU.

"Basi tuikate kwa kalamu," nikasema.

"Ramani iliyopitishwa haikatwi kwa kalamu ya mwenye nyumba. Ama ujenge kilichochorwa, ama ulete ramani ya marekebisho."

Fundi akaninong'oneza, kwa ile sauti yake ya kusikika mtaa mzima: "Bosi, saruji ipo. Tuijenge, mzee aione, akiondoka tunaibomoa."

"Kubomoa nako kuna kibali chake," mkaguzi akajibu, macho yake yakiwa kwenye ramani.

Nikapeleka maombi ya marekebisho. Kazi ikasimama, mtaro ukajaa maji ya mvua, vyura wakahamia bila kibali cha mtu. Tangazo likabandikwa ili mwenye pingamizi aseme. Jirani yangu akasoma "ghorofa" na "ngazi", neno "kuondoa" akaliruka. Pingamizi lake lilikuwa kurasa mbili, moja nzima ikihusu dirisha la bafu lake.

Nikamfuata. "Jirani, hiyo ghorofa naiondoa."

"Kumbe ilikuwepo!"

"Haikuwepo."

"Sasa unaondoaje kitu ambacho hakipo? Mimi si mtoto, jirani."

Ilibidi mkaguzi mwenyewe amketishe chini na kumwonyesha karatasi, na hata hapo aliondoka akiangalia paa langu kwa jicho la pembeni. Pingamizi aliliondoa, ila alitaka nakala ya ramani mpya, akaikagua kuliko mkaguzi.

Muda wote huo mchoraji hakuwa akipokea simu. Siku marekebisho yalipopita, ndipo akapiga mwenyewe.

"Kaka, uniwie radhi. Faili lako na la mteja mwingine yalikuwa wazi pamoja kwenye kompyuta, ngazi ikaangukia kwako. Nilikuwa saiti kwake."

"Na yeye anasemaje?"

"Ameshamwaga zege la ghorofa. Anauliza atapandia wapi."