Blue Pill na ile R10
Unashuka Luthuli, mtaa wa vifaa vya elektroniki Nairobi, unanunua Blue Pill, bodi ndogo yenye chipu unayoipa programu yako mwenyewe, unachomeka USB: kompyuta kimya. Unalaumu programu yako usiku kucha, kumbe ni rezista iliyoandikwa R10 kwenye bodi! Inatakiwa iwe ya 1.5k (ohm 1,500), ivute D+, laini ya data ya USB, hadi volti 3.3. Nyingi zina ya 10k (imeandikwa 103, chukua lenzi uone). Lehemu 1.8k kati ya pini ya PA12 (ndiyo D+) na 3.3V, zikiwa sambamba utapata 1.5k na ushei.

Halafu chipu. Juu imeandikwa STM32F103 bila haya, lakini OpenOCD, programu ya kuingiza kodi kwenye chipu, inasubiri namba ya utambulisho 0x1ba01477, inapata 0x2ba01477, inagoma: chipu ni ya kuiga. Andika set CPUTAPID 0, isikague namba hiyo, kabla ya kuita faili lake la mipangilio, stm32f1x.cfg. Si bei ilikuwa ya chipu halisi lakini?