Kabla ya Wati, Uliza Usikivu wa Spika

Twita (kile kispika kidogo cha sauti nyembamba) ya kwanza niliyoiunguza ilikuwa ndani ya spika iliyoandikwa nyuma yake wati 150, na amplifaya iliyoiunguza ilikuwa na wati 30 tu kwa kila upande. Muziki ulikuwa umepanda tangu jioni, wageni wakiongezeka, nami kila baada ya nyimbo mbili tatu nikikisogeza kitufe cha sauti kidogo, mpaka matoazi yakaanza kukwaruza nami nikajiambia kwamba huenda wimbo ulirekodiwa hivyo. Baadaye usiku upande wa kulia ulisikika kama uliofunikwa blanketi. Asubuhi nilifungua skrubu nne, nikanusa harufu kali ya vanishi iliyoungua, nikagusisha nyaya za multimita kwenye ncha mbili za koili, ule waya uliozungushwa unaoitikisa twita, na mshale haukutikisika: waya ulikuwa umekatika. Kwa hesabu niliyoiamini wakati huo jambo hilo lilikuwa muhali: wati 30 zingeiunguzaje spika iliyotengenezwa kubeba wati 150?

Jibu ni kwamba ile namba 150 haikuihusu twita peke yake. Mtengenezaji huipima spika nzima kwa mchanganyiko wa masafa (kasi za mtetemo wa sauti, kutoka besi mpaka nyembamba) unaofanana na muziki, ambamo nguvu nyingi huenda kwenye besi na sauti za kati, na twita hupata sehemu ndogo tu. Amplifaya inapofika ukomo wa volti zake, haiwezi kupandisha wimbi zaidi, kwa hiyo huvikata vichwa vya mawimbi yawe bapa. Besi, ambayo ndiyo yenye mawimbi makubwa, hukatwa kwanza na kubaki pale pale, lakini sauti nyembamba huendelea kukua kila unapozungusha kitufe, na huko kukatwa kwenyewe huzalisha masafa ya juu ambayo hayakuwamo kwenye wimbo. Isitoshe, amplifaya ya wati 30 iliyosukumwa mpaka mawimbi yake yakawa ya mraba inaweza kutoa karibu wati 60. Yote hayo hupita kwenye krosova, kichujio kinachoigawia kila spika masafa yake, na kuishia kwenye koili yenye waya mwembamba kama unywele. Tangu siku hiyo nimekuwa na mashaka na ushauri unaorudiwa kila mahali kwamba amplifaya ndogo ni salama kwa spika kubwa. Ni salama kwa mtu anayesikiliza kwa sauti ya chini. Kwa anayependa muziki uujaze ukuta, ndiyo inayounguza.

Maoni yangu ni kwamba anayetaka sauti ya juu nyumbani aanze na spika, na kwenye spika aanze na namba ambayo wauzaji wengi huipita haraka, yaani usikivu. Usikivu ni desibeli, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti, zinazopatikana mita 1 mbele ya spika inapopewa wati 1. Spika nyingi za nyumbani huangukia kati ya desibeli 84 na 92, na tofauti hiyo inayoonekana ndogo kwenye karatasi ni kubwa mno kwa mfuko wa umeme, kwa sababu kuongeza desibeli 3 kunahitaji wati mara mbili, na kuongeza desibeli 10, kiasi ambacho sikio hukihesabu kama sauti kukua maradufu, kunahitaji wati mara kumi. Spika yenye desibeli 90 ikipewa wati 50 hufika pale pale inapofika spika ya desibeli 84 iliyopewa wati 200. Anayebadilisha amplifaya ya wati 80 kwa ya wati 100 akitarajia kishindo amenunua desibeli 1, tofauti ambayo ataitambua kwa shida hata akitega sikio.

Kuna mtego mmoja hapa. Siku hizi usikivu hupimwa mara nyingi kwa volti 2.83 badala ya wati 1. Kwa spika ya omu 8 (omu ni kipimo cha jinsi spika inavyouzuia umeme) mambo hayo mawili ni sawa, lakini spika ya omu 4 ikipewa volti hizo hunywa wati 2, kwa hiyo namba yake hupambwa kwa desibeli 3 ambazo kwa hakika amplifaya ndiyo inayozilipia.

Kwa nini basi watengenezaji wasitengeneze spika zenye usikivu mkubwa zote? Paul Klipsch alifanya hivyo. Alianzisha kampuni yake mwaka 1946 kule Arkansas, Marekani, akauza spika kubwa ya umbo la pembe, kama mdomo wa tarumbeta, inayokaa kwenye kona ya chumba na kuzitumia kuta kama mwendelezo wa pembe hiyo, na kampuni huitaja kuwa na desibeli 105, kiasi kwamba amplifaya za valvu (taa za kioo) za wakati ule, zenye wati chache, ziliitosha na kubaki. Mwaka 1954 Edgar Villchur na Henry Kloss wakaja na njia iliyo kinyume, sanduku dogo lililozibwa kabisa ambamo hewa yenyewe ndiyo springi ya wufa, ile spika ya besi. Besi ilishuka chini vizuri na sanduku likaenea kwenye rafu, ila usikivu ulianguka, na amplifaya zikalazimika kukua. Kanuni iliyo nyuma ya hayo huitwa kwa jina la Hofmann: kati ya sanduku dogo, besi ya chini na usikivu mkubwa, utachagua mawili na la tatu utalikosa. Ninapoona tangazo la spika ndogo inayodai yote matatu, huwa sisomi mstari unaofuata.

Sasa tuingie chumbani. Chukua jozi ya spika za desibeli 88 na amplifaya ya wati 100 kwa kila upande. Wati 100 ni desibeli 20 juu ya wati 1, kwa hiyo mita 1 mbele ya spika moja tunafika 108. Ukikaa mita 3 mbali, uwanjani ungepoteza kama desibeli 9 na nusu, lakini chumba hurudisha kiasi kwa mwangwi wa kuta, basi tukate 6. Spika ya pili inaongeza 3. Tumebaki na takriban 105 kwenye vilele vya muziki. Vilele hivyo, kwa rekodi iliyotengenezwa kwa uangalifu, huweza kuwa desibeli 15 juu ya wastani, maana yake wastani wa unachosikia ni kama desibeli 90, na kwa wastani huo amplifaya ya wati 100 inatoa wati 3 hivi. Zile 97 nyingine ni akiba ya pigo la ngoma linalodumu kufumba na kufumbua. Ukiikosa akiba hiyo, muziki hauzimiki; hupungua uhai kwanza, kisha hukwaruza. Rekodi zilizobanwa sana huacha nafasi ndogo kati ya wastani na kilele, na ndizo zinazopasha koili joto zaidi ingawa namba ya vilele ni ile ile.

Jambo la pili baada ya usikivu ni impidansi, yaani zile omu za spika, na hapa namba iliyoandikwa nyuma ya spika husema nusu ya ukweli. Omu 8 ni jina tu, kwa sababu impidansi hupanda na kushuka kulingana na masafa. Kiwango cha kimataifa kinataka isishuke chini ya asilimia 80 ya iliyotajwa, yaani omu 6.4 kwa spika ya omu 8, lakini wanaovipima vifaa hivi hukuta spika za omu 8 zikishuka mpaka karibu omu 4, tena mara nyingi kwenye besi ya juu, pale pale muziki unapodai nguvu nyingi. Amplifaya inayotoa wati 100 kwenye omu 8 inasukuma volti 28 na ampea 3.5; kwa volti hizo hizo, omu 4 zitadai ampea 7. Amplifaya yenye transfoma na kapasita za kutosha itazitoa, na karatasi yake itaonyesha karibu wati 200 kwenye omu 4. Ile ambayo karatasi yake inakataza omu 4 kabisa, au ambayo wati zake zinabaki zile zile, imekiri udhaifu wake mapema, na ni vyema kuisikiliza. Kwa sababu hiyo hiyo sipendi kuona jozi mbili za spika zimeunganishwa sambamba kwenye amplifaya ya kawaida: omu 8 mbili huwa 4, omu 4 mbili huwa 2, na joto hupanda bila mtu kugundua. Zamani nilikuwa nikiinua amplifaya kwa mikono miwili kabla ya kusoma karatasi yake, kwa kuwa uzito ulikuwa ushahidi wa transfoma. Amplifaya za kisasa za daraja la D (aina isiyopoteza umeme mwingi kwa joto), nyingi zikiwa na pawasaplai nyepesi isiyo na transfoma kubwa, zimeniharibia kipimo hicho.

Kuhusu wati zinazotangazwa, PMPO, ile namba kubwa ya “nguvu ya kilele” inayoandikwa kwenye maboksi, si kipimo cha chochote kinachosikika, na mnunuzi aipuuze hata kama imeandikwa kwa maelfu. Marekani iliweka kanuni mwaka 1974 ya kuwalazimisha watangazaji wa amplifaya za nyumbani kueleza nguvu ya kudumu (ile inayotolewa mfululizo), omu ngapi, masafa gani na uchafu wa sauti kiasi gani. Maswali hayo manne yanatosha kumnyamazisha muuzaji yeyote.

Kwa mpenda sauti ya juu, nashauri amplifaya yenye wati za kudumu kati ya mara moja na mara mbili ya wati za kudumu za spika. Wapo watakaosema hiyo ni hatari, na ni kweli kwamba amplifaya kubwa mikononi mwa mlevi haina huruma. Lakini kinachoua spika mara nyingi ni kitufe kusomwa vibaya. Watu hudhani kitufe kikiwa katikati amplifaya inatoa nusu ya nguvu. Chombo cha kuchezea CD hutoa hadi volti 2, ilhali amplifaya nyingi hufika nguvu kamili kwa sehemu ndogo tu ya volti hizo, kwa hiyo unaweza kuwa umemaliza wati zote kabla hata ya katikati. Ukiongeza besi kwa desibeli 10 kwenye kitufe cha toni, umeiomba amplifaya wati mara kumi katika masafa hayo, na wufa itatoka nje kutafuta hewa. Sabwufa (spika ya besi ya chini pekee) yenye amplifaya yake, ikipewa kila kilicho chini ya hezi 80, na spika kuu zikachujwa zisipokee masafa hayo, huzipunguzia kazi spika na amplifaya kuliko wati zozote unazoweza kununua. Waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5 unatosha kwa chumba cha kawaida. Sina la kuongeza juu ya waya.

Masikio nayo yana kikomo. Taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, hupendekeza desibeli 85 zisizidi saa 8 kwa siku, na muda ukatwe nusu kwa kila desibeli 3 zinazoongezeka, kwa hiyo desibeli 100 zinaachiwa dakika 15. Mimi huweka mita ya sauti kwenye mkono wa kiti.

Zile spika za wati 150 bado ninazo. Zina usikivu wa desibeli 86, nilizibadilishia twita zote mbili, na sasa zinasukumwa na amplifaya ya wati 120 bila kukwaruza. Ile amplifaya ya wati 30 niliihamishia chumba kingine, kwenye spika kuukuu zenye desibeli 95 na sanduku linalofika kiunoni. Kwa hesabu inaipita jozi ya kwanza kwa desibeli 3, na kwa mita yangu vilevile.