Mtondoo Uliopinda Haujaharibika

Wageni wengi wanaokwenda msitu wa Jozani, Unguja, huwafuata kima punju, na wakishawapiga picha hurudi garini. Mimi naona wanaupita mti unaostahili angalau nusu saa yao, nao ni mtondoo, hasa ule uliojipinda kiasi kwamba ni vigumu kusema shina limeishia wapi na tawi limeanzia wapi. Mmoja niliokutana nao pembeni mwa njia ya watembeaji ulikuwa umelala chini kwa urefu wa mtu mzima, kisha ukainuka ghafla, ukazunguka nusu duara, ndipo ukashika njia ya kwenda juu kwenye mwanga. Gome lake, lenye mipasuko ya mshazari, lilikuwa limekunjamana upande wa ndani wa pindo na kutanuka upande wa nje. Mwenzangu aliutazama mara moja tu akasema kwamba mti huo umeharibika, haufai hata kwa mbao. Hukumu hiyo ndiyo ninayoipinga.

Sababu ya kupinda haihitaji majini wala mizimu, ingawa visa vya namna hiyo havikosekani. Jozani udongo ni haba juu ya mawe ya matumbawe, na maji ya ardhini yako karibu mno, hata nyakati za mvua nyingi sehemu za msitu hujaa maji. Mizizi isiyoweza kuzama hutambaa, na mti ulioshikwa na mizizi ya juu juu huinamishwa na upepo kwa urahisi. Lakini kuinama si kufa. Mizizi iliyobaki ardhini huendelea kuulisha, na mti wenye majani mapana, kama mtondoo, hujenga upande wa juu wa shina lililoinama mbao ya namna ya pekee ambayo hujivuta na kulirudisha shina juu kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka. Msonobari hufanya kinyume chake: hujenga upande wa chini, ukajisukuma. Kwa hiyo lile pindo ni kazi iliyofanywa, tena kazi kubwa.

Anayelijua hilo kuliko sisi sote ni fundi wa majahazi. Ukifika Nungwi, au Matondoni kule Lamu, utaona kwamba mbao zilizonyooka ni za ubavuni, ilhali mataruma, yaani mbavu zinazoshikilia chombo kwa ndani, hutafutwa katika miti iliyopinda yenyewe. Fundi akichonga taruma kutoka kwenye ubao ulionyooka, atalazimika kukata nyuzi za mti mahali pa pindo, na hapo ndipo litakapopasuka siku ya mawimbi. Akipata gogo ambalo nyuzi zake zimefuata pindo tangu mti ukiwa hai, tezo, chombo chake cha kuchongea, huondoa tu kilichozidi. Tena mapindo hayafanani: taruma la karibu na omo, yaani mbele ya chombo, linataka pembe kali, la katikati linataka tumbo pana. Waingereza nao, zama za merikebu za mbao, waliitafuta mialoni iliyopinda kwa sababu hiyo hiyo.

Sisemi kwamba mitondoo ya Jozani ikatwe. Ile ni hifadhi, na ibaki hivyo. Ninachosema ni kwamba macho yetu yamezoeshwa na mashamba ya misaji na mikaratusi iliyopandwa kwa mistari, hata tukauona mnyoofu ndio mti na uliobaki ni kuni. Madhara yake yako mashambani, ambako mafundi hupata mataruma yao siku hizi, katika miembe na mifenesi ya watu. Mwembe mkongwe uliopinda ukiacha kuzaa, mwenye shamba humwita mchoma mkaa, na kipande ambacho kingekaa baharini miaka mingi huishia tanurini. Afadhali amwite fundi kwanza, aje na kigezo chake cha umbo la taruma, auzunguke mti ungali umesimama na kuonesha lipi ni taruma na lipi ni tawi la kawaida. Kinachobaki baada ya hapo, mchoma mkaa na achukue.