Njia Ikifungwa Goma, Redio ya Mtaa Iseme au Ingoje?

Usiku wa tarehe 22 Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ilipopasuka, watu wa Goma, mashariki mwa Kongo, walitoka na magodoro juu ya magari, wamotari (waendesha pikipiki za abiria) wakipakia mama na watoto watatu kwenye pikipiki moja. Hesabu ya kwanza ya serikali ilitaja watu 15 waliokufa. Tisa kati yao walikufa kwa ajali ya barabarani wakikimbia. Idadi ilipanda baadaye, lakini hao tisa hawajanitoka kichwani, kwa sababu hawakuuawa na moto wa volkano.

Ndiyo maana nawaelewa wanaotaka redio za jamii zikatize muziki mara moja na kuwaambia madereva njia gani imekatika. Dereva aliye njiani hawezi kusoma ujumbe wa simu, na mtandao ukielemewa hata ujumbe haufiki. Redio haili megabaiti. Mtazame motari wa mtaa wa Majengo: simu mfukoni, spika moja ya sikio chini ya kofia, na waya wa spika ndio antena yake. Anasikia kwa Kiswahili anachokizungumza nyumbani, tena kutoka kwa mtu anayejua Buhene iko wapi na Ndosho iko wapi. Marekani ina vituo vidogo vya namna hii kwa wasafiri tangu 1977, vya wati 10 tu, vinavyosikika kilomita chache kando ya barabara.

Wanaopinga nao hawasemi ovyo. Uvumi Goma hukimbia kuliko pikipiki, na mtangazaji anayepokea simu kumi kwa dakika atapitisha uongo siku moja. Halafu kuna usalama. Tangu waasi wa M23 walipoingia mjini Januari 2025, kutaja hewani kwamba barabara fulani ina kizuizi ni jambo linaloweza kumgharimu mwandishi. Hofu hiyo naiheshimu, wala siwezi kumlaumu anayenyamaza.

Lakini wanaotaka redio ingoje tamko rasmi wakumbuke asubuhi ya tarehe 27 Mei 2021. Tamko lilikuja, kutoka kwa gavana mwenyewe: mitaa kumi ihame, kwa hofu ya mlipuko mwingine. Mamia ya maelfu wakaondoka, na wengi wakashika njia moja ya kwenda mji wa Sake. Magari yakasongamana, watu wakatembea na mizigo kichwani katikati ya malori. Mlipuko ule haukuja. Amri ilikuwa na mhuri wote unaotakiwa, ila hakukuwa na sauti ya kumwambia dereva aliye Mugunga, kwenye njia hiyo, mbele yake kukoje.

Kwangu mimi kazi hizi mbili zitenganishwe. Kuamuru watu wahame ni kazi ya wenye mamlaka, na kusema mlima unafanya nini ni kazi ya OVG, kituo cha wataalamu wa volkano. Redio iseme hali ya njia tu: mahali, saa, na nani ameona kwa macho yake. Habari ya mtu mmoja isipite mpaka wa pili aithibitishe. Isimwambie mtu yeyote akimbilie wapi.

Na jambo dogo linalosahaulika: magari mengi yetu yanatoka Japani, na redio zake nyingi za FM zinaishia masafa ya megahezi 90. Kituo kilicho juu ya hapo dereva hakipati, hata kiseme nini. Anayetaka kusaidia madereva aanzie kwenye masafa, na jenereta yenye mafuta, kabla ya kununua maikrofoni mpya.

Usiku ule wa Mei tangazo lingetosha kuwa fupi hivi: “Barabara ya Rutshuru, pale Buhene, haipitiki. Wamotari wawili wameiona sasa hivi. Uliyeko njiani kuelekea huko, simama.” Kisha lirudiwe kila dakika tano, mpaka asubuhi.