Japani 1965: Msimu Uliozaa Medali ya Shaba

Ukitaja soka la Japani baada ya vita, wengi watakurukia na Mexico 1968: medali ya shaba ya Olimpiki, na Kunishige Kamamoto mfungaji bora kwa mabao 7. Mimi nasema kazi ilifanyika 1965, msimu wa kwanza wa ligi ya taifa.

Kabla ya hapo timu kubwa ziliishi kwa mashindano ya mtoano. Ukifungwa leo, kesho unafungasha virago. Kocha gani atathubutu kumjaribu kijana hapo? Na timu dhaifu inapaki basi tu, wachezaji wote nyuma kulinda lango, ikiombea bao la bahati. Mjerumani Dettmar Cramer, aliyesaidia kuinoa Japani hadi robo fainali ya Olimpiki ya Tokyo 1964, aliwashauri waanzishe ligi.

Wakaanza na timu 8. Kila moja ilikutana na wenzake 7 mara mbili, nyumbani na ugenini, hivyo mechi 14. Ushindi pointi 2, sare 1. Toyo Kogyo ya Hiroshima, timu ya watengenezaji wa magari ya Mazda, ilishinda 12, ikatoka sare 2, haikufungwa hata moja. Pointi 26 kati ya 28! Ubingwa huo ikaushika misimu minne mfululizo. Lakini katika Kombe la Mfalme la 1966, lililochezwa kwa mtoano, timu hiyohiyo ililala fainali mbele ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Waseda, alikokuwa anasoma Kamamoto. Dakika chache mbovu zinatosha kukutoa kwenye kombe; mechi 14 haziwezi kukudanganya kuhusu nani bora.

Kosa la ligi hiyo lilikuwa msingi wake. Timu zote 8 zilikuwa za kampuni, wachezaji ni waajiriwa waliocheza kwa ridhaa, bila kulipwa kwa soka, na fulana ilibeba jina la mwajiri. Asiyefanya kazi kiwandani hapo aishangilie kwa lipi? Medali ilileta msisimko, kisha ukapoa, na Japani haikufuzu tena Olimpiki mpaka 1996. Naamini mji ungepewa timu yake tangu mwanzo, hamu ile isingepotea.

Ligi ya kulipwa ilikuja 1993, ikidai klabu ziwe za miji. Kati ya zile timu 8, Mitsubishi ikawa Urawa Reds, Furukawa ikawa JEF United, na Toyo Kogyo ikaingia kwa jina la Sanfrecce Hiroshima.