Muziki wa Uskoti si ubani wa kufukizia sebule

Wiki ya tatu sasa, sebuleni kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi hapa Glasgow, panapigwa kitu kinachoitwa muziki wa Kikelti wa kutuliza akili. Asubuhi mpaka jioni. Filimbi inavuta pumzi, kinanda cha umeme kinajikokota nyuma yake, kwenye skrini kuna ngome na ukungu, na juu ya yote imebandikwa sauti ya mvua. Haimbi mtu. Hakuna neno hata moja, wala jina la mpigaji. Nilivumilia, juzi nikashindwa.

Nina miaka kumi na miwili nchi hii, na muziki wake ndio ulionivusha zamu za usiku ambazo sikujua nitazimalizaje. Ndiyo maana naona uchungu. Muziki wa Uskoti ninaoujua mimi una watu ndani yake. Una njaa, una samaki, una damu, una mama anayemhoji mwanawe. Ukiwatoa watu ukabakiza ukungu, umewadhulumu waliouhifadhi, na waliouhifadhi hawakuwa mabwana wa ngome.

Jeannie Robertson alizaliwa mwaka 1908, mtu wa Aberdeen, wa jamii ya wahamaji wanaoitwa Travellers. Mafundi bati, wauza farasi, vibarua wa kuchuma matunda, watu waliokuwa wakifukuzwa kila walipopiga hema. Wakati huo wasomi walikwisha kuzifungia nyimbo za kale za visa vitabuni. Francis James Child, profesa wa Marekani, alizihesabu 305 na kuzichapa kati ya 1882 na 1898, na wengi waliamini kuwa kilichobaki vinywani mwa watu ni makombo. Mwaka 1953 Hamish Henderson, mkusanyaji wa nyimbo kutoka School of Scottish Studies ya Chuo Kikuu cha Edinburgh, akabisha hodi kwa Jeannie. Akazikuta nyimbo zile ziko hai, nzima, na sauti zake, kwa sababu mama yake Jeannie alikuwa akiziimba na mtoto akazishika.

Usikilize "Son David". Hakuna gita, hakuna zumari, ni koo la mwanamke tu. Mama anamuuliza mwanawe, hii damu kwenye upanga wako ni ya nini? Ya farasi wangu, anajibu kijana. Mama hakubali, damu hii inang'aa mno. Basi ni ya mbwa wangu. Bado inang'aa mno. Mpaka linamtoka: ni ya ndugu yangu John. Jeannie haigizi kilio, wala hapandishi sauti kukuonyesha kwamba hapa ndipo penye uchungu. Anakwenda kwa mwendo uleule aliouanza, kama mtu aliyejitwisha ndoo ya maji na hataki tone limwagike. Kila akilitaja jina la David hulivuta kidogo, kidogo tu, nawe unaelewa kwamba mama alikwisha kujua tangu swali la kwanza. Nimeusikiliza wimbo huu sijui mara ngapi, na akifika kwa John huwa naweka chini chochote nilichoshika. Mwaka 1968 alipewa MBE, nishani ya heshima ya Uingereza. Ilimstahili, na ilichelewa.

Bintiye, Lizzie Higgins, alikuwa mkata samaki Aberdeen. Baba yake alikuwa mpiga zumari la mfuko, na ukimsikiliza Lizzie unazisikia zile kona za zumari kooni mwake. Halafu kuna Sheila Stewart wa Blairgowrie, wa jamii hiyohiyo. Papa Yohane Paulo wa Pili alipokuja Bellahouston, hapahapa Glasgow, mwaka 1982, Sheila alisimama mbele ya umati ule akaimba wimbo wa mtunzi Ewan MacColl kuhusu watu wanaoambiwa hameni, hata mama anapojifungua kando ya barabara. Alikuwa anaimba maisha ya watu wake.

Anayedhani hizi ni sauti za makumbusho aitafute Grit, santuri ya Martyn Bennett ya mwaka 2003. Bennett alikuwa bingwa wa zumari na fidla, lakini alikuwa anaugua saratani na mwili haukumruhusu tena kupiga. Basi akazifuata sauti za zamani, Sheila yumo, Lizzie yumo, Flora MacNeil wa kisiwa cha Barra yumo, akaziwekea midundo mizito ya disko. Hakuzikatakata zikawa pambo. Midundo inamsubiri mwimbaji amalize mstari wake, na kila neno unalisikia. Alifariki Januari 2005 akiwa na miaka 33. Kwangu mimi hakuna santuri ya Uskoti inayoizidi hiyo.

Haya, nakubali shingo upande kwamba wapo walioingilia mlango wa ukungu wakafika mbali. Wala sina ugomvi na vyombo. Handful of Earth, santuri ya Dick Gaughan ya 1981, nimeinunua mara mbili. Bendi ya Silly Wizard ni ya siku za kupika. Bendi ya Capercaillie iliuchukua wimbo wa kazi wa Kigaeli, lugha ya kale ya nchi hii, "Coisich a Rùin", na mwaka 1992 ukaingia kwenye arobaini bora za Uingereza, jambo ambalo kabla yake hakuna wimbo wa Kigaeli cha Uskoti uliowahi kulifanya. Lakini hao wote wana majina, na wanaimba maneno.

Sasa hiyo juzi. Tuna bibi mmoja aliyezaliwa Barra, amepita tisini. Alikuwa amekaa sebuleni ameinamisha kichwa, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, hiyo kelele haina mtu." Nikaizima. Nikafungua simu, nikaingia Tobar an Dualchais, hazina ya sauti zaidi ya 50,000 ambayo yeyote anaisikiliza bure, nikatafuta wanawake wa visiwani wakikanda kitambaa. Zamani kitambaa kipya cha sufu kililowekwa kwenye mkojo uliochacha, wanawake wakaketi kuizunguka meza na kukipigapiga mpaka kishikamane, mmoja anatoa mstari, wengine wanaitikia.

Bibi akainua kichwa. Akavuta kitambaa cha mezani, vikombe nikaviwahi, akaanza kukigonga na kukisukuma kwa jirani wa kushoto, kama jua linavyokwenda. Jirani hajui Kigaeli hata neno moja, ila akakirudisha. Nikasema hawa wanakwenda polepole. Bibi akanijibu kwamba ndivyo inavyotakiwa, kitambaa bado kizito, kikianza kushika wataongeza mwendo. Na kweli waliongeza.

Wimbo ulipoisha nikataka kuurudia, akanishika mkono. Kwenye kitambaa kimoja wimbo haurudiwi, ni mkosi. Tukatafuta mwingine.